Walitaka Kuniokoa Alhamisi

Waliniambia nitaokoka Alhamisi, saa nne asubuhi, na nisichelewe kwa sababu kanisa lilikuwa limekodiwa hadi saa saba tu. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa vijana wetu wa skripti, maana hupenda kunichokoza. Lakini mtayarishaji hakucheka. Alikuwa ameinamia simu yake, akisogeza kitu kwa kidole gumba, na mtu akinikwepa macho namna hiyo huwa najua kuna jambo limeshaamuliwa nyuma ya mgongo wangu.

Nieleze kwanza ni nani aliyekuwa akiokolewa. Mimi ni mwigizaji. Kwa miaka tisa nimekuwa mama mkwe katika tamthilia ya runinga inayoonyeshwa siku tano kwa juma, jioni, kabla ya taarifa ya habari. Si mama mkwe wa kupika uji na kubembeleza wajukuu. Ni yule aliyeificha hati ya shamba ambalo mwanawe, kabla ya kufa, alimwachia mkewe. Mjane anaitafuta, mimi naihamisha. Imeshalala ndani ya godoro, ndani ya debe la unga, na nyuma ya picha ya marehemu mwenyewe, pale ukutani ambapo mjane hupangusa vumbi kila Jumamosi. Katikati ya hayo nimevunja harusi mbili, nimemfungisha shemeji yangu jela, na nimemfukuza msichana wa kazi kwa kosa la kuwa na macho. Yote nimeyafanya nikiwa na kitambaa safi cha kichwa na sauti ya upole, kwa sababu mtu mbaya anayepiga kelele huchosha haraka.

Tunarekodi katika godauni la zamani Industrial Area, Nairobi, upande wa kuelekea Mukuru kwa Reuben. Sebule yangu ya kifahari ni mbao na rangi. Mashine za kiwanda cha jirani zikianza kunguruma tunanyamaza, tunangoja zipoe, kisha naendelea kutukana pale nilipoachia. Mtayarishaji ndiye pia mwongozaji, kwa kuwa haamini kwamba kuna mtu mwingine duniani anayejua kusema “kata” kwa wakati.

Watu huniuliza nawezaje kuishi na ubaya wote huo. Mimi huwauliza wanawezaje kutazama wema kwa miaka tisa. Mjane wetu ni mtu mzuri, na msichana anayemwigiza ni mzuri zaidi, nampenda kama binti yangu. Lakini mtu mwema katika hadithi hana kazi mpaka mtu mbaya aamke. Mjane akiamka huomba, hupika chai, huketi. Mimi nikiamka nina mpango. Nina mahali pa kwenda, mtu wa kumpigia simu, mlango wa kusikilizia. Hadithi humfuata anayetembea. Tulipokuwa watoto hapa Eastlands tulikuwa tukitoka kutazama sinema tukiapa kwamba akta hafi, yaani shujaa hawezi kuuawa hata wamzingire kumi. Uongo mtupu. Shujaa anaweza kufa Jumanne na Jumatano akaletwa mwingine mwenye nywele nzuri zaidi. Adui ndiye hapaswi kufa.

Na si kila adui anaweza kubeba mzigo huo. Tuliwahi kuletewa tajiri mmoja wa miwani myeusi, akicheka hovyo na kupuliza moshi kwenye kamera. Alidumu wiki sita. Alikuwa mbaya kwa sababu skripti ilisema ni mbaya, basi. Mbaya anayedumu lazima awe na kitu anachokipenda kuliko mtazamaji anavyokipenda chake. Mama mkwe wangu hana haja na shamba. Anampenda mwanawe aliyezikwa, na ile karatasi ndiyo mahali pa mwisho penye jina lake. Nilimweleza hivyo mwandishi wetu mkuu mwaka wa pili, akaniandikia tukio ambamo nakaa kitandani nikiipapasa hati na kulisoma jina kwa kidole. Watu walilia. Kesho yake walinichukia mara mbili zaidi, kwa sababu nilikuwa nimewaliza.

Tena awe wa nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako. Kila jumba la kupanga kule Tassia lina mama mmoja anayejua nani kachelewa kurudi, nani kapika nyama na nani kakosa kodi, na anayejua kutabasamu akikuuliza. Watazamaji hawanitazami mimi. Wanamtazama huyo, na hatimaye wanamwambia usoni yale ambayo hawathubutu kumwambia kwenye ngazi.

Siku moja mwanamke muuza mboga alinishika mkono sokoni, nyanya zangu zikiwa bado mkononi mwake, akasema, “Mama, mrudishie huyo msichana shamba lake. Mungu anakuona.” Nikamwambia nitamrudishia. Akauliza, “Lini?” Huyo ndiye anayetulisha. Watu arobaini na zaidi, kuanzia wapiga picha hadi mama anayetupikia githeri, tunaishi kwa swali hilo moja. Siku atakapoacha kuuliza lini, sote twende nyumbani.

Sasa stesheni ilikuwa imepata mkubwa mpya. Alitaka vipindi vya kujenga familia. Alikuwa amepokea malalamiko kwamba tunawafundisha akina mama wakwe ukatili, kana kwamba walikuwa wakiningoja mimi. Akaamuru mama mkwe atubu, alie, asamehewe, kisha aende ushago, kijijini kwao, akapumzike. Vipindi vinne tu, na tabasamu mwishoni.

Nilijua kitakachofuata kwa sababu tulishawahi kujaribu. Msimu wa tatu walinilaza hospitali, wakaniletea mjukuu, nikawa mpole kwa mwezi mzima. Nilikuwa nikimlisha mtoto ndizi na kusema maneno ya busara. Majirani zangu wa Buruburu, watu tunaosalimiana kila siku, walihamia tamthilia ya kigeni iliyotiwa sauti za Kiswahili, ya mwanamke wa mbali huko aliyekuwa akimtilia dadake sumu. Hawakuona hata aibu kuniambia. “Mama, siku hizi hufanyi kitu,” mmoja alisema. Karibu tufungiwe. Kilichotuokoa ni mwandishi wetu kuniamsha usiku mmoja ndani ya hadithi, nikamnong'oneza yule mjukuu kwamba mama yake ni mwizi. Baada ya wiki mbili, wote walikuwa wamerudi.

Niseme wazi: niliogopa. Nina miaka hamsini na tisa. Kabla ya haya nilikuwa karani katika kiwanda kimoja, kikapunguza watu, nikapunguzwa. Uigizaji nilijifunza kanisani, kwenye michezo ya Krismasi ambako kila mwaka nilipewa Herode kwa sababu ya nyusi zangu. Huyu mama mkwe aliandikiwa vipindi saba tu hapo mwanzo, nikakataa kuondoka kwa kuwa mbaya kiasi kwamba hawakuweza kuniacha. Mtu wa umri wangu akiokolewa kwenye runinga, hapigiwi simu tena na mtu yeyote.

Aliyefurahi ni mama yangu.

Mama yangu, ambaye mimi humwita Mwaitu kama tunavyowaita mama zetu Ukambani, anaishi nami Buruburu. Ni mtu wa Uamsho, wale Wakristo wa zamani waliotubu mbele za watu na kutembea katika nuru, na ambao hata leo wakikutana huulizana hali ya moyo kabla ya hali ya magoti. Kwa miaka tisa, wimbo wa kufungulia tamthilia ukianza, huinuka kwenye kochi, huchukua fimbo yake na kwenda chumbani. Hajawahi kunigombeza. Hujikokota tu, polepole, ili nione vizuri kwamba anaondoka. Najua pia kwamba kwenye ushirika wao niliombewa kila Jumanne, bila kutajwa jina, kama “mtoto wa dada yetu mmoja.”

Nilipomwambia kwamba yule mama ataokoka, aliketi wima.

“Kweli?”

“Alhamisi, Mwaitu.”

“Mungu ni mwaminifu,” akasema, na kabla sijavua viatu alikuwa ameshawapigia dada zake wawili wa ushirika kuwaalika waje kutazama siku itakapoonyeshwa. Nilikasirika. Nilikuwa nimekuja kulia na mtu, na mtu mwenyewe alikuwa akipanga chai ya wageni. Nikamwambia, kwa sauti ambayo simwambii nayo mama yangu, kwamba hiyo ni kazi yangu inayozikwa, si roho yangu inayookolewa. Kisha akasema nimsomee hiyo karatasi, kwa sababu macho yake hayaoni tena herufi ndogo.

Nikamsomea skripti pale pale sebuleni. Mama mkwe anaingia kanisani ibada ikiendelea. Anatembea hadi madhabahuni. Anapiga magoti. Anasema amekuwa mtu wa giza, amekuwa na moyo wa jiwe, amemuumiza binti wa watu. Analia. Mjane anainuka, anamkumbatia. Kwaya inaimba. Ilikuwa imeandikwa vizuri, lazima nikiri.

Mwaitu alingoja. Nikamwambia imeisha.

“Na hati?”

“Hati gani?”

“Ya shamba. Anairudisha wapi?”

Nikafungua kurasa zilizofuata. Nikavipitia vipindi vyote vinne mpaka mwisho, mpaka pale nilipopanda basi la kwenda ushago na mkoba wangu na tabasamu. Hati haikuwamo. Nilishangaa pia kwamba mtu aliyekuwa akienda chumbani kwa miaka tisa alijua habari za hati, lakini hilo nililiacha lipite.

“Hairudishi,” nikasema.

“Basi hajaokoka,” akasema Mwaitu. “Amelia tu.”

Ili mwelewe kwa nini maneno hayo yalinigonga, lazima niwaambie mama yangu aliokoka vipi. Nilikuwa na miaka minane, tukiishi chumba kimoja Makadara, naye akifua nguo na kupiga pasi kwa familia moja ya watumishi wa serikali. Kwao alikuwa ameiba kitambaa cha meza, cheupe, chenye maua ya kufuma pembeni. Sisi hatukuwa hata na meza. Alikuwa akikitoa Jumapili, anakitandaza juu ya sanduku la nguo, anakitazama, kisha anakikunja. Alipookoka alikifua, akakitia wanga, akakipiga pasi kwa makaa, akanishika mkono tukaenda naye hadi mlangoni kwa mwajiri wake. Ndani mlikuwa na wageni wanakula. Alisimama pale pale na kusema, “Mama, mimi ndiye niliyeiba hiki. Nimeokoka, nimekileta.” Yule mama alikipokea, akamfuta kazi mbele ya wageni, akafunga mlango. Mwaitu alirudi nyumbani akiimba. Mimi sikuimba. Miezi miwili tulikula mlo mmoja kwa siku, na nilimchukia kwa hilo, na bado sijawahi kumwona mtu aliyekuwa huru kama alivyokuwa jioni ile.

Hiyo ndiyo toba ninayoijua. Ina mlango, ina watu, ina kitu mkononi, na inauma mfukoni.

Kesho yake nilimtafuta mwandishi wetu mkuu. Ni msichana wa Tassia, mwerevu kama kiwembe, na huwa tunagombana kama watu wanaopendana.

“Niaje mathe,” akasema, akiniita mama kwa Kisheng. “Umesoma? Si iko fiti?”

“Iko fiti. Hati iko wapi?”

Akajikuna kichwa. “Hiyo tuliiacha, mathe. Ikirudi, story imeisha. Mjane akipata shamba, atatafuta nini tena?”

“Na isiporudi, mimi nimetubu nini?”

“Si umelia? Wasee wa stesheni wanataka machozi tu. Hakuna mtu ataangalia mambo ya hati.”

“Kwani kwenu mtu huokoka vipi?”

“Unainua mkono, unaitwa mbele, unaombewa, unaenda home.”

“Na ulichoiba?”

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza bei ya mwezi. Hakuwa na ubaya. Alilelewa kwenye kanisa la taa za rangi na ngoma kubwa, ambako watu huokoka kwa mamia na hakuna anayekaguliwa mfuko. Nikamweleza habari za kitambaa cha meza. Alisikiliza mpaka mwisho, kinywa kikiwa wazi, kisha akasema taratibu, “Mathe, hiyo ni mbaya. Wazee wote wanajua hiyo sheria?”

“Kila nyanya mwenye runinga kutoka hapa hadi Machakos.”

Tulikwenda pamoja kwa mtayarishaji. Nilimwambia ana njia mbili: hati irudi na hadithi ife kwa heshima, au mama asiokoke. Akasema kuna njia ya tatu, nayo ni mimi kufanya kazi niliyoajiriwa. “Madam, wewe lia vizuri tu. Mengine tuachie.” Nikamwuliza kama anadhani watazamaji ni wajinga. Akasema hajasema hivyo. Nikamwambia kunyamaza kwake kumesema. Mwandishi alinikanyaga mguu chini ya meza, lakini nilikuwa nimeshachemka. Nilisema nimemlea huyu mwanamke mbaya miaka tisa, nimemvalisha, nimemlisha, nimetukanwa kwa niaba yake, na sitamtupa jalalani kwa machozi ya dakika tatu kwa sababu mtu mgeni ofisini anataka tabasamu. Mtayarishaji akasema Alhamisi, saa nne, na usichelewe.

Sikuchelewa. Nilifika saa tatu, na mkoba wangu.

Katika hadithi, hati ilikuwa ndani ya mkoba huo. Tulikuwa tumeonyesha jambo hilo wiki mbili kabla: mjane akikaribia picha ya ukutani, mimi nikaichomoa hati na kuitia kwenye mkoba mweusi wenye kishikizo cha shaba, kamera ikiwa karibu kabisa. Kila aliyetazama alijua.

Nikavaa, nikapakwa poda, nikasimama kwenye mlango wa kanisa, mkoba kwapani. Mtayarishaji akanitazama kutoka nyuma ya kamera.

“Madam, weka mkoba chini.”

“Wapi?”

“Hapo kwenye benchi. Unaenda kutubu.”

“Baba,” nikamwambia, “umewahi kuona mwanamke wa Nairobi akiacha mkoba kwenye benchi akaenda mbele kuombewa?”

Watu mia hivi walikuwa wamekaa mle ndani kama waumini, wengi wakiwa wanawake wa mtaani tuliowaalika. Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Mmoja akasema, “Hata mkifumba macho, mkono uko kwa zipu.” Ni kweli tupu. Tunasali sana katika mji huu, lakini tunasali tukiwa tumeishika mikoba, na mchungaji akisema tuinue mikono miwili, tunainua mmoja. Nikatazama zile safu: kila mama alikuwa na mkoba wake mapajani au kwapani, bila kuambiwa na mwongozaji. Mtayarishaji pia alitazama. Na kwaya halisi ya kanisa ilikuwa ikija saa saba kufanya mazoezi.

“Sawa, shika. Twende.”

Nikaenda. Na nataka ijulikane kwamba sikuigiza vibaya. Wengine walisema baadaye kwamba niliharibu kwa makusudi, ni uongo. Nilitoa kila nilichokuwa nacho. Nilitembea kama mtu aliyechoka kubeba. Nilipiga magoti, na magoti yangu ni mabovu kweli, kwa hiyo uso wangu ulikuwa wa kweli. Nilisema nimekuwa mtu wa giza. Nilisema nimekuwa na moyo wa jiwe. Machozi yalikuja bila kuitwa, kwa sababu nilimwona mwanangu wa hadithi, yule aliyekufa, na kwa sababu nilikuwa nimekasirika. Mjane akaja kunikumbatia. Akafungua mikono yote miwili. Mimi nilimkumbatia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili, bila haraka, uliubana mkoba kwapani, na vidole vikapapasa kishikizo kuhakikisha kwamba kimefungwa.

Basi. Sikukonyeza, sikutabasamu, sikumtazama mtu. Nyuma ya kamera, mwandishi wetu alikuwa amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

“Kata!” Mtayarishaji alikuja mbio. “Nini hiyo na mkono?”

“Mkono wangu.”

“Tunarudia. Bila mkoba.”

“Sirudii.”

Akaniambia anaweza kunifuta. Nikamwambia ameshanifuta, ameiandika kwenye karatasi, basi la ushago linaningoja, kwa hiyo hana cha kunitisha nacho. Nikamwambia hilo ndilo kosa la watu wanaokuokoa kwa nguvu: wakishamaliza, hawana tena cha kukushikia. Nikabaki nimepiga magoti pale pale, si kwa ushujaa, ila kwa kuwa sikuweza kuinuka bila kusaidiwa. Mjane wangu, msichana niliyemtesa miaka tisa, akanishika chini ya kwapa lisilo na mkoba akaniinua. Akamwambia mtayarishaji, “Mimi pia sirudii.” Nje tulisikia kwaya ikishuka kwenye matatu, ikicheka. Ilikuwa saa sita na nusu.

Mtayarishaji akasema mkoba ni kitu kidogo, hakuna atakayeuona.

Kipindi kilionyeshwa Jumatano ya wiki ya pili. Dada wawili wa ushirika walikuja mapema, wamevaa kama wanaokwenda kanisani, na Mwaitu alikuwa ameagiza chapati ziwe laini kwa ajili ya meno yao. Wimbo wa kufungulia ulianza. Kwa mara ya kwanza mama yangu hakuinuka. Mimi ndiye niliyetaka kwenda chumbani. Nilikaa kwenye kiti karibu na mlango wa jikoni, nikiwa sijui nitaona nini kwenye uso wake, na nikitambua kwamba hilo lilikuwa limenisumbua zaidi ya stesheni nzima.

Nilipopiga magoti kwenye runinga, dada mmoja akainua mkono na kusema Bwana asifiwe. Wa pili akaanza kulia. Nilipomkumbatia mjane wote wawili walisema amina kwa pamoja.

“Nyamazeni,” Mwaitu akasema.

Alikuwa ameinama mbele, viganja juu ya fimbo, pua karibu iguse kioo.

“Mkoba,” akasema. “Angalieni mkoba.”

Dada wawili wakatazama. Yule aliyekuwa akilia alikausha machozi kwa upande wa kanga, polepole, na uso wake ukabadilika ukawa wa hasira safi ambayo sikuiona hata siku moja kwenye ushirika. “Mwongo huyu!” akasema. “Mwongo mbele ya madhabahu!” Wa pili akauliza mjane atajuaje sasa kwamba hati iko mle ndani. Wakaanza kubishana ni nani atamwambia. Chapati zilipoa. Hakuna aliyekumbuka kwamba mwongo mwenyewe alikuwa ameketi karibu na mlango wa jikoni.

Simu yangu ililia kabla ya habari kuanza. Alikuwa mtayarishaji, na alikuwa akihema. Simu za stesheni zilikuwa hazikatiki. Watu hawakuwa wakishukuru kwa toba. Walikuwa wakiuliza hati. Walikuwa wakiuliza itakuwaje mtu abebe wizi hadi madhabahuni, na mchungaji haoni, na mjane amekumbatia nini. Mkubwa mpya alikuwa amempigia kuuliza kama mkoba ulipangwa.

“Ukamwambiaje?” nikauliza.

“Nimemwambia tuliupanga.”

“Tuliupanga,” nikasema.

“Basi la ushago limefutwa, madam. Mwandishi anasema sasa umeokoka, uwe mwenyekiti wa akina mama kanisani. Anasema utakuwa mbaya kuliko zamani. Jumatatu saa moja.”

Nilikata simu. Nilitaka kupiga vigelegele na nilikuwa na aibu, maana wale wanawake watatu walikuja kushuhudia wokovu, na nilichowapa ni mnafiki mwenye Biblia. Nilipowasindikiza dada wawili hadi getini hawakuniaga vizuri. Mmoja alinishika mkono akautazama mkono wenyewe, ule wa mkoba, kisha akauachia.

Niliporudi, Mwaitu alikuwa bado kwenye kochi. Runinga ilikuwa imezimwa.

“Wamesemaje?” akauliza.

“Wamesema niendelee.”

Akatikisa kichwa kwa muda mrefu. Nilidhani ananisikitikia. Nikaanza kumweleza kwamba sikuwa na njia, kwamba ningefanya nini kingine, na yeye akainua kiganja kuninyamazisha, kama anavyofanya tangu nilipokuwa mtoto.

“Mwanangu, wewe hukudanganya. Wao ndio walitaka kudanganya,” akasema. “Huyo mama hajawa tayari. Mtu asiye tayari aachwe na dhambi zake mpaka zimchoshe. Wakikuletea tena karatasi ya kukuokoa kwa machozi matupu, kataa. Waambie mama yangu amekataa.”

Wameshaileta mara mbili tangu siku ile. Mara zote mbili nimewaambia.